Rangi ya Tangi Kuukuu

3 Machi

Mvua imeanza leo na banda langu linavuja kila pembe. Bango la kinyozi limelowa. Mteja niliyemchora amekaa kitini kavimba shavu moja, utadhani kaumwa na nyuki. Nimelihamishia sebuleni. Mke wangu kanitazama, kasogeza meza.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu mvua ikinyesha sina kazi. Bango halikauki, na mwenye duka haagizi. Nimechora mabango tangu ujana wangu: vichwa vya kinyozi, matairi, viatu, jino moja kubwa la daktari wa meno. Rangi ya mafuta juu ya bati, mstari ulionyooka, herufi zinazosomeka mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Kazi safi. Ila hakuna mtu aliyewahi kusimama akalitazama bango langu. Wanasoma, wanaingia dukani.

5 Machi

Mvua. Nimepiga msasa bati moja, basi.

8 Machi

Cheche kapita. Ni fundi wa kuchomelea, jirani yetu. Siku hizi wanakata lile tangi kuukuu la maji la kule mlimani, wanaliuza chuma chakavu. Kaniletea kipande cha rangi kilichobanduka, kipana kama kiganja. Juu kimepauka kwa jua. Nikakivunja, ndani nikaona rangi ya chungwa ambayo sijawahi kuiona kwenye kopo lolote la dukani.

"Mchoraji, nimekuletea pambo la shemeji."

"Rangi gani hii?"

"Ya zamani hiyo. Bosi katuambia tuvae barakoa, eti ina risasi, ile ya kwenye betri za magari. Mimi nikivaa barakoa sigara nitaivutia wapi? Sikioni?"

Tukacheka. Nimemwomba aniletee mfuko mzima.

11 Machi

Cheche kaleta mfuko. Nimejaribu kusaga magamba ya rangi kwa jiwe, yanaruka tu. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikachukua kinu chake cha mbao jikoni, nikakaa nacho sebuleni maana nje kunanyesha, nikatwanga mpaka ikawa vumbi laini kama unga. Nikachekecha kwa kitambaa, nikachanganya na mafuta ya kitani. Nilipopaka brashi ya kwanza kwenye ubao nilisimama nikarudi nyuma hatua kadhaa. Sikuamini ni mkono wangu.

Mjukuu wangu alikuwa hapo hapo, anazungukazunguka miguuni kwangu. Ana miaka miwili. Binti yangu humwacha na bibi yake anapokwenda kazini kwa fundi cherehani. Mimi namwita Bi Mdogo, mke wangu namwita Bi Mkubwa, na wake wenza hao wananigombea kila siku. Bi Mdogo kachovya kidole kwenye vumbi, kachora sakafuni, akasema "kuku." Hakikuwa kuku, lakini mabango yangu ya kwanza nayo hayakuwa viatu.

Kinu nimekiosha kwa sabuni, nimekirudisha pale pale.

15 Machi

Nimemchora mke wangu akichambua mchele. Hakuna aliyeniagiza. Sikupima kwa rula, sikuweka herufi hata moja. Nilianza na rangi ya chungwa kila mahali, halafu nikamtafuta ndani yake kwa rangi nyeusi kidogo kidogo, hapa bega, hapa kiganja. Kaja kuangalia, kitambaa cha jikoni begani.

"Huyu mimi?"

"Wewe."

"Mbona nimewaka hivi? Au umenichora siku niliyokasirika?"

"Kuna siku hujakasirika?"

Kanipiga na kitambaa. Lakini nimemwona baadaye, kasimama mbele ya ubao peke yake, muda mrefu.

20 Machi

Amekuja mama mmoja mwenye jumba la kuonyeshea picha za kuchora mjini. Alitaka bango la mlangoni. Akaona ubao wa mke wangu umeegemea ukutani, bango akalisahau. Anataka picha za kujaza ukuta mzima, tayari kabla ya mwezi wa tano, watu watakapoalikwa kuja kuzitazama.

"Ila iwe rangi hii hii," kasema. "Ukiniletea za kopo, kila mtu anazo."

Mimi, na umri huu, na elimu yangu ya kuunga-unga, ukuta mzima.

22 Machi

Nimesaga. Mvua.

25 Machi

Nimesaga. Cheche kaleta mfuko mwingine. Naona kamasi zangu zina rangi ya chungwa, nimemwonyesha mke wangu kama mzaha.

1 Aprili

Bi Mdogo anashika tumbo na kulia. Hataki kula. Mke wangu anasema minyoo, binti yangu anasema meno ya nyuma. Mchana kalala kwenye mkeka akiwa mkimya kuliko kawaida yake, nikamchora. Amekuwa rahisi kuchorwa siku hizi, hachezichezi. Ninaandika hivyo kisha nasoma tena, sipendi ninavyosikia.

6 Aprili

Leo lazima niandike polepole.

Nilitoka bandani kuchukua maji. Jikoni nikasikia mchi. Mke wangu alikuwa anatwanga karanga za uji wa Bi Mdogo ndani ya kile kinu. Mbao ya kinu, ukiitazama vizuri kwa ndani, ina mistari mistari. Kwenye mistari ile niliona chungwa. Kidogo tu. Mtu asiyeijua rangi ile asingeiona.

Yakanijia maneno ya Cheche. Betri, barakoa, sigara.

"Mbona umesimama mlangoni kama askari wa benki?" mke wangu kauliza.

"Hicho kinu..."

"Kina nini?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Nikafikiria ukuta mzima, ule ubao wa nne ambao haujakauka, yule mama akiniambia rangi hii hii.

"Kinapiga kelele," nikasema.

"Ziba masikio, baba. Mtoto lazima ale, ona alivyokonda."

Mtoto akaletewa uji. Akala vijiko vichache, bibi yake akimbembeleza, "kijiko cha babu, haya, kijiko cha mama." Nilisimama nikaangalia kila kijiko kikiingia.

7 Aprili

Nimekipasua kinu kwa shoka mke wangu akiwa hayupo, nikasema kimeanguka. Kilikuwa cha marehemu mama yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya. Kaokota vipande kimoja kimoja akaviweka uvunguni mwa kitanda.

Nikajiambia yamekwisha. Sasa nasagia bandani, kwenye kopo la chuma, mlango nimefunga. Nikiingia ndani nakung'uta nguo.

13 Aprili

Cheche kaja bila utani. Mwenzake wa kule tangini kalazwa. Viganja vimelegea, hawezi hata kushika kikombe, tumbo limemkaza. Kazi imesimamishwa.

"Ni ile rangi," kasema. "Wamempima damu, imejaa risasi. Na mimi naenda kupimwa kesho. Kaka, ile mifuko niliyokupa, ulishaitupa?"

"Zamani."

"Mungu mkubwa. Nilikuwa naogopa, maana wewe una mtoto mdogo ndani."

Kanishika mkono kwa nguvu, akashukuru. Amenishukuru mimi.

Nilikuwa namwona Cheche mtu wa porojo tu. Leo nilitamani ningekuwa yeye.

14 Aprili

Sikusaga. Nimemaliza ubao kwa rangi iliyobaki.

17 Aprili

Tumempeleka Bi Mdogo hospitali, mimi na binti yangu. Daktari wa watoto ni mwanamke kijana, sauti ya chini, anaandika huku anakutazama. Kavuta kope za mtoto, ndani kumekuwa kweupe. Kabonyeza tumbo, mtoto kalia bila nguvu. Akaanza maswali. Anakula udongo? Maji mnachota wapi? Halafu:

"Nyumbani kuna mtu anafanya kazi ya betri, au ya rangi?"

Binti yangu akageuka kunitazama. Hakunitazama kwa ubaya, alinitazama kama mtoto anavyomtazama baba yake akisubiri ajibu.

"Baba ni mchoraji."

"Rangi zipi, mzee?"

Chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na mizani ya watoto, na picha ya ndizi ukutani, imechorwa vibaya, kivuli kiko upande usio wake. Niliitazama ile ndizi.

"Za kopo tu, daktari. Za dukani."

Akaandika. Nikasikia kalamu yake inapita juu ya karatasi. Akatoa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, akasema turudi tukiona mabadiliko.

Njiani binti yangu kabeba mwanawe, mimi nikabeba mwavuli. "Bora nilikuja na wewe, baba," kasema. "Mimi ningechanganyikiwa."

19 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Bi Mdogo alikuwa anasema kiatu, kuku, maji, babu, na "sitaki" ndilo lilikuwa neno lake kuu. Leo namwonyesha kiatu chake, ananitazama tu. Nikamtekenya aseme "sitaki." Akaondoa mkono wangu, akageukia ukutani.

21 Aprili

Kila siku nasema kesho nitamwambia mke wangu. Nikiamka naona picha zimeegemea ukuta, nasema acha kwanza zichukuliwe.

23 Aprili

Mama wa jumba la picha kaja kuziona. Siku hizi siwezi kuchora uso. Nikifika mdomoni mkono unakataa, kwa hiyo watu wangu hawana midomo. Ubao wa mwisho ni mtoto mkekani, umbo tu ndani ya chungwa tupu, ukingo wake unayeyuka.

Kausogelea, akauondokea, akausogelea tena.

"Umekuwa jasiri," kasema. "Mwanzo ulikuwa unapamba. Sasa huogopi kitu."

Mwezi uliopita ningeyalalia maneno hayo kama mto. Leo nilitaka kumwambia: mama, hicho unachokiita ujasiri ni woga mtupu, mtoto mwenyewe yuko chumba cha pili, nenda ukamwone. Nikamsaidia kupakia.

26 Aprili

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mke wangu kapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilipofika, Bi Mdogo alikuwa amekakamaa mikononi mwake, macho yamepinduka, taya limefunga, mguu mmoja unapiga, unapiga.

"Degedege! Fanya kitu! Baba, fanya kitu!"

Nikamnyakua, nikatoka naye mvuani. Cheche alikuwa kwake anaziba paa, akaniona, akatupa nyundo akawasha kigari chake. Njia nzima alikuwa anapiga honi na kusema "shika kichwa, shika kichwa tu." Mtoto alitulia kabla hatujafika, na kutulia kule kulinitisha kuliko kutetemeka. Nikaweka sikio kifuani kwake. Injini ilikuwa inanguruma, sikusikia kitu. Nikamwambia Cheche azime gari. "Una wazimu?" kasema, akakanyaga mafuta.

Wakamchukua ndani. Mke wangu akatufuata kwa miguu, kalowa mpaka mifupa, kiatu kimoja tu mguuni. Binti yangu akaja kutoka kazini na mita ya kupimia nguo bado shingoni. Tukasimama kwenye ule ujia wote wanne, unanuka dawa ya kupigia deki. Daktari yule yule akatoka.

"Anapumua. Lakini homa hana, na vipimo vya malaria havina kitu. Sielewi ubongo unavimba kwa nini. Lazima mnisaidie. Kuna kitu gani pale nyumbani?"

Mke wangu akaanza kutaja maziwa, karanga, maji. Akataja kila kitu alichompa kwa mkono wake, anajitafuta kosa. "Labda karanga zilikuwa na ukungu, daktari. Mimi ndiye niliyezinunua. Labda ni mimi."

Hapo ndipo niliposhindwa. Sijifanyi kuwa nilipata moyo. Sikuweza tu kumsikia akiendelea.

"Ni mimi," nikasema. "Ni rangi. Nilisaga rangi ya tangi, ina risasi. Nilisagia kwenye kinu. Kisha kinu kikatwangiwa karanga zake."

Cheche akasema, "Si uliniambia ulitupa?"

"Nilikudanganya."

"Siku ile nilipokuuliza," daktari kasema taratibu, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakusubiri zaidi, akageuka akaenda mbio, nikamsikia anaita watu, anataja majina ya dawa. Mke wangu alikuwa ananitazama. Akauliza jambo moja tu.

"Siku ile mlangoni. Uliposema kinapiga kelele."

"Ndiyo."

Akakaa chini, pale pale sakafuni. Binti yangu yeye hakulia wala hakunitukana. Alivua ule mkanda wa kupimia, akaukunja vizuri, akautia mfukoni. Halafu akasema, "Usiingie mle ndani. Usimguse mwanangu."

Cheche akanirudisha nyumbani. 

27 Aprili

Yuko hai. Nimeambiwa na mlinzi wa getini.

29 Aprili

Bwana afya kaja na wenzake, wamevaa mpaka barakoa. Wamelizungushia banda utepe. Sakafu ya sebuleni hairuhusiwi kufagiwa, inafutwa kwa vitambaa vilivyolowa, na vitambaa vinafungwa kwenye mifuko. Nimefuta mwenyewe, kwa magoti, chumba kwa chumba. Chini ya kabati nikakuta alama ya kidole chake, ile aliyoiita kuku. Nilimwita bwana afya aione. Akasema futa, mzee. Nikafuta.

Mke wangu na binti yangu wamehamia kwa shangazi, karibu na hospitali. Wameniachia sahani moja na kikombe.

Naandika yote haya yalivyokuwa kwa sababu nimejijua. Nikikaa wiki mbili bila kuandika nitaanza kusema sikujua.

30 Aprili

Nimekwenda kwenye jumba la picha. Zimetundikwa ukuta mzima, zimewekewa taa. Sitadanganya hapa: ni nzuri. Sijawahi kufanya kitu kizuri kama hicho na sitafanya tena. Nimemweleza yule mama kila kitu.

"Pole sana," kasema, na nilimwona kaumia kweli. "Lakini picha si chakula. Nani atailamba?"

"Watakuja na watoto."

"Tutaweka kamba."

Nilikuwa namwona huyu mama kuwa mwokozi. Leo nimemwona ni mtu kama mimi tu, ana ukuta wa kujaza. Nikamwambia siku ya wageni nitasimama mlangoni na kumweleza kila anayeingia. Akazitazama picha moja moja, kisha akamwita msaidizi wake alete plastiki. Tumezishusha pamoja. Bwana afya kazichukua.

4 Mei

Kipimo cha damu ya mke wangu kimetoka, risasi ni kidogo. Ya binti yangu ni kidogo sana. Changu kiko juu. Cha Cheche kiko juu pia, naye ameanza dawa. Nilimwomba radhi kwenye foleni. Kasema, "Mimi ndiye niliyeleta mifuko, kaka. Tusigombanie." Akahama benchi.

7 Mei

Mvua imepungua. Sijachora.

9 Mei

Mke wangu kanipokea nje ya wodi kwa mara ya kwanza. Anasema mtoto anapewa dawa ya kuitoa risasi, inapungua kwenye damu. Kwenye kichwa, daktari hakuahidi kitu. Huenda atasema tena, huenda atachelewa, huenda kuna vitu havitarudi. Anakula. Haongei.

"Anakutazama ukimwita?"

"Mara anatazama, mara hatazami." Halafu kasema, "Sikusamehe. Nakwambia ili ujue."

Nikamwambia nimejua.

13 Mei

Daktari anataka mtoto aonyeshwe picha za vitu alivyokuwa anavijua, polepole, kimoja kwa siku. Zilizopo hospitali zimechakaa. Binti yangu kamtuma mama yake aniambie nichore. Penseli tu, karatasi nyeupe, bila rangi. Mwenyewe hakutoka kuja kuniona.

Nimechora kijiko. Nimekaa na kijiko kimoja muda mrefu kuliko nilivyokaa na bango lolote. Hapa hakuna nafasi ya uzuri. Kikiwa na kivuli kingi hatakijua, kikiwa na mistari mingi hatakijua. Nimefuta, nimechora, mpaka kimebaki kijiko tu.

14 Mei

Kijiko hakutamka. Alikitazama, anasema mke wangu, kisha akatazama dirisha.

15 Mei

Kuku. Hakuna.

16 Mei

Kikombe. Hakuna. Mke wangu anasema nisikate tamaa, halafu akageuka haraka nisimwone uso.

18 Mei

Nimechora kiatu, kile chake cha kamba moja. Nilipoleta karatasi, binti yangu mwenyewe alikuwa mlangoni mwa wodi. Amekonda. Aliichukua bila kunitazama, akaacha mlango wazi. Sijui kama alisahau au alikusudia. Sikuvuka kizingiti.

Kitanda kiko karibu na mlango. Bi Mdogo kanyolewa upande mmoja wa kichwa walipomwekea mrija. Mama yake kaishika karatasi mbele yake.

"Nini hii, mama? Eh? Nini hii?"

Mtoto akaitazama. Nilikuwa nasikia toroli inapita mbali huko. Nikaanza kurudi nyuma, sikutaka kuona yale macho yakienda dirishani.

Mtoto akainama. Akahangaika na mguu wake, akavua kiatu, akakiweka juu ya karatasi, juu kabisa ya kile nilichochora. Akakisogeza kidogo kikae sawa.

Binti yangu akacheka. "Amejua," kasema. "Baba, umeona? Amejua."

Halafu akakumbuka ni nani anayeongea naye, akanipa mgongo. Lakini alikuwa ameshasema.

19 Mei

Neno bado halijatoka. Daktari anasema tuendelee. Mvua leo hakuna kabisa.

Binti yangu kanitumia ujumbe kupitia mama yake: vitu sasa basi, kesho nilete picha ya mtu. Mtu yeyote wa nyumbani, tuone kama anamjua.

Nimekaa na penseli tangu asubuhi. Tangu mwezi uliopita sijachora uso wenye mdomo. Nimeanza na kitambaa cha bibi yake, kisha mashavu, kisha nimeuweka mdomo, mstari mmoja, umefumba. Ni yeye. Mtu yeyote angemjua.

Ukurasa wa pili niliuandaa nijichore mimi. Bado ni mweupe. Kama atageukia dirishani, sitaki iwe kwa kuuona uso wangu.